Mita Mia Nane za Kona ya Tano

6 Februari

Mkwe wangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Mkeo ni mzima. Miguu imevimba kidogo, mkunga anasema ni kawaida kwa mwezi wa saba. Mama yake hampi nafasi hata ya kuinua sufuria.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe ni mtu wa "sawa, Baba", halafu mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Jana tukila mchana, mkeo alisema, kama mtu anayesimulia basi lililochelewa, kwamba wiki iliyopita ulipita korongoni chini ya wingu, chini kiasi cha kuona mbuzi wakikukimbia. Akacheka, na mama yake akacheka. Mimi niliweka kijiko chini.

Lile korongo nalijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Nilikwenda kule na darasa la saba na mikono miwili. Nilianza kwa kubeba mawe, nikashika mnyororo wa kupimia, na mwaka wa tisa nilikuwa msimamizi wa sehemu nzima, kona zote sita mpaka kwenye upenyo wa juu, pale mlima unapoachia njia ya kwenda upande wa pili. Barabara yangu ingekuwa hai, wewe usingekuwa na kazi huko. Mlima uliporomoka ukaifunika, wakubwa wakaja wakapiga picha, wakaondoka. Sasa wanarusha watu juu ya kaburi lake kwa ndege, na rubani ni mume wa binti yangu. Hilo nalo hakuna aliyeniuliza.

Nijibu maswali mawili. Kwa nini unapita ndani ya korongo na si juu ya milima? Na ndege yako ikitaka kugeuka irudi ilikotoka, inahitaji nafasi ya mita ngapi? Usinijibu "ya kutosha". Nataka namba.

Baba mkwe wako


15 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta salama na goti limepunguza kelele. Mimi ni mzima. Chumba changu kinavuja upande wa jikoni, nimeweka ndoo, maisha yanaendelea. Mwambie mwenzangu huko nyumbani hao mbuzi walikuwa wawili tu, na walikuwa wanakimbia tangu awali.

Najibu kwa namba ili nisirudishiwe daftari.

Ndege yangu ina injini moja na viti sita. Haina vyombo vya kupenya wingu milimani, na hata ingekuwa navyo, kiwanja cha juu hakina mtambo wa kuniongoza kushuka. Kwa hiyo tunaruka kwa macho. Naona, naenda. Sioni, narudi. Kupita juu ya milima ni vizuri siku ya jua. Siku ya mvua wingu limepanda kuliko uwezo wa ndege, na hata ukifika juu yake, upande wa pili huna tundu la kushukia. Ndiyo maana tunafuata korongo.

Kugeuka: huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kasi yangu halisi ni kama kilomita mia moja tisini kwa saa. Nikiinamisha bawa nyuzi thelathini, nahitaji mita mia tisa themanini na nne. Nikiinamisha arobaini na tano, mita mia tano sitini na nane. Zaidi ya hapo, ndege iliyojaa inaacha kuwa ndege inakuwa tofali.

Lakini hatuendi kama vipofu, Baba. Asubuhi tunampigia redio mlinzi wa kiwanja cha juu: "Vipi upenyo?" Anajibu "mweupe" au "mweusi". Na wa kwanza kupita anawaambia walio nyuma yake. Ndivyo tulivyo siku zote, rubani mmoja ni macho ya mwenzake. Nina bahati, mwenzangu wa zamu ndiye aliyenifundisha. Tunamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza redioni na la mwisho.

Wasalimie wote.

Mkweo


23 Februari

Mkwe wangu,

Salaam. Sisi wazima. Goti limehamia kulia.

Namba zako nimezipokea na nimezihakiki kwa kalamu. Ziko sawa. Sasa pokea zangu. Hizi tulipima ukuta kwa ukuta, mita mia mbili juu ya barabara, yaani huko huko unakopita wewe. Kona ya tatu, mita elfu moja mia tisa. Ya nne, elfu moja mia mbili hamsini. Ya tano, mia nane. Ya sita, mia nne sitini. Baada ya hapo ni upenyo.

Umeona mwenyewe. Kona ya nne unageuka kwa raha na zinabaki mita mia mbili sitini na sita. Kona ya tano unageuka kwa kuinamisha sana, zinabaki mia mbili thelathini na mbili. Kona ya sita hugeuki kwa namna yoyote, hata ukiomba. Kwa hiyo ya nne ndiyo ya kuamulia. Ukifika hapo huoni kigongo cha upenyo, ule mgongo wa mlima unaouruka, chote, mwanzo hadi mwisho, unarudi. Ya tano ni ya dharura tu. Nimekuandikia kwenye kikaratasi cha pembeni, kwa herufi kubwa, ukibandike mbele yako.

Na huyo mlinzi wenu. Namjua, alikuwa mpishi wetu kambini. Sijamsikia akisema uongo isipokuwa juu ya chumvi. Lakini kiwanja chake kiko nyuma ya kigongo. Akisema "mweupe" anakuambia habari za anga iliyo juu ya kofia yake. Upenyo haujui, haujawahi kuujua, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumuuliza amesimama wapi.

Nataka ahadi, na nataka iandikwe.

Baba mkwe wako


19 Machi

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Niko salama. Mvua zimeanza kwa nguvu, ndoo zimekuwa tatu.

Ahadi ndiyo hii: kona ya nne, nisipoona kigongo chote, narudi. Nimeshaitimiza mara tatu na nimeshaanza kuilipia. Jumanne abiria mmoja, mfanyabiashara wa mabati, alinipigia makofi tuliporudi kutua tulikotoka. "Asante rubani kwa matembezi," akasema, "kesho utatupeleka tena kuangalia lile jiwe?" Sasa hapa kiwanjani naitwa Bwana Matembezi. Hata anayetujazia mafuta: "Bwana Matembezi, nijaze ya kwenda na kurudi, au ya kwenda kona ya nne?"

Msimamizi wetu yeye hacheki. Ananiuliza tu, "Mwenzako wa kampuni ya pili amepitaje?" Amepita kwa kuwa amepita.

Taratibu peke yake ndiye aliyeniuliza naamua vipi. Yeye miaka yote amekuwa akigeukia kona ya tatu, kwa kuhisi tu. Nikamwonyesha karatasi yako. Aliisoma mara mbili, akatoa kalamu, akaomba ainakili. Nikamwambia chukua hii hii, mimi nimeshaikariri. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. "Mkweo huyu," akasema, "angekuwa mkaguzi wetu sote tungezeeka."

Nikadhani utapenda kulisikia hilo.

Likizo yangu inaanza tarehe kumi Aprili. Mwambie mwenzangu ajitahidi asizae kabla.

Mkweo


14 Aprili

Mkwe,

Sisi ni wazima. Wewe sijui.

Mtoto amezaliwa tarehe mbili, wa kike, kilo tatu na robo, unajua. Nilikuandikia siku tatu baadaye, hukujibu. Nikasema shughuli. Tarehe tisa, redio ikatangaza ndege ya viti sita imeanguka korongoni, rubani na abiria watatu, hakuna aliyepona. Hawakutaja jina. Dakika arobaini, mkwe. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, maana sikuwa na kitu kingine cha kuhesabu. Mkeo alikaa sakafuni na mtoto. Mama yake alikuwa anafua kitambaa kile kile kimoja.

Ndipo ukapiga. Ukasema, "Si mimi, mimi ni mzima," ukakata. Hukuuliza habari za mtoto. Tarehe kumi hukuja. Tarehe kumi na moja, na mbili, na tatu, hukuja.

Mtu aliyenusurika anaongea. Mtu anayekata simu ana jambo. Aliyekufa ni Taratibu, hilo nimelijua kupitia gazeti, na kwenye picha yao nimeitambua kona ya tano. Alikuwa mtu wa kurudi mapema, ulisema mwenyewe. Amefikaje kona ya tano?

Andika. Usimpigie mkeo kabla hujaniandikia mimi.

Baba mkwe wako


20 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimeanza barua hii mara nne. Nisamehe kama salamu zinakuwa fupi.

Tarehe tisa nilikuwa na safari moja tu imebaki kabla ya likizo. Dawa za zahanati ya juu na abiria wawili. Nilikuwa nimeshafunga begi, nguo za mtoto zikiwa juu kabisa. Mlinzi alisema "mweupe". Nilifika kona ya nne saa tatu na dakika tano. Kigongo sikukiona. Niliona mstari mwembamba wa mwanga chini ya wingu, kama mwanga chini ya mlango. Nikajua nikirudi, safari hii itasubiri kesho, na kesho nyingine, na begi limefungwa. Nikajiambia, ya tano bado ipo, zinabaki mia mbili thelathini na mbili. Kwa maneno yako mwenyewe, Baba. Ya tano nikaipita. Nilipopita ya sita matone yalikuwa yanagonga kioo na miti ilikuwa pembeni yangu, si chini. Kisha nikatokea upande wa pili kwenye jua.

Saa tatu na ishirini, Taratibu akaniita redioni. Alikuwa ndiyo anaingia korongoni. "Taratibu hapa. Vipi huko?"

Ningesema, "Nimepita kwa bahati, usije." Lakini angeniuliza nimepitaje, na ahadi yangu aliijua. Na abiria wangu walikuwa wanasikia. Nikasema, "Pako wazi."

Akasema, "Sawa, taratibu."

Ndiyo mara ya mwisho. Alianguka saa tatu na thelathini na tatu, karibu na kona ya tano. Pua ya ndege ilikuwa inaangalia mdomo wa korongo, kule alikotoka. Yaani alikuwa anageuka, Baba. Alikuwa amekaribia kumaliza.

Wachunguzi watakuja Alhamisi tarehe thelathini. Msimamizi ameshaniandikia maelezo: kwamba nilipita hali ikiwa nzuri, kwamba wingu lilishuka ghafla, kwamba mlinzi ndiye aliyetoa taarifa ya upenyo. "Wewe saini tu," anasema, "huyo mzee wa kule hana cha kupoteza, ana mbuzi wake." Redio ya mlinzi ilikuwa wazi, alinisikia nikisema pako wazi. Hajamwambia mtu.

Sijasaini. Sijakataa pia.

Mkweo


26 Aprili

Mwanangu,

Barua nimeipata leo mchana, na hii nampa dereva wa basi mkononi ili ikufikie kabla ya Alhamisi. Nimemsomea mkeo yote. Ni haki yake. Amesema nikuandikie hivi: "Asiposema, asije." Ni maneno yake, sikuyaongeza wala kuyapunguza.

Usisaini. Mlinzi alisema anachokiona. Wewe ulisema usichokiona. Utasimama mbele ya hao watu na utataja saa na dakika kama ulivyoniandikia mimi.

Sasa na mimi nina langu, na silisemi ili kukupunguzia lako.

Tangu jana, kabla ya barua yako kufika, nimekuwa nikirudia hesabu ya kona ya tano. Kugeuka kwa kuinamisha nyuzi arobaini na tano kunachukua sekunde kumi na saba. Asubuhi za mvua upepo pale unavuka korongo, unatoka ukuta wa kulia kwenda wa kushoto. Ulikuwa unatung'olea mahema. Mita kumi na moja kila sekunde si ajabu. Kumi na moja mara kumi na saba ni mia moja themanini na saba. Mia tano sitini na nane ukijumlisha hizo, ni mia saba hamsini na tano. Katika mia nane zinabaki arobaini na tano, na hiyo ni kwa anayeanza kugeuka huku bawa linapapasa ukuta. Hakuna anayeruka hivyo ndani ya wingu.

Nilipima lile korongo nikiwa nimesimama juu ya jiwe. Jiwe halisukumwi. Upepo niliujua, miaka tisa niliujua, na sikuuandika.

Kwa hiyo ukiwa unawaambia yako, waambie na hiyo karatasi imetoka kwa nani.

Baba mkwe wako


11 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini wote hamjambo. Mimi nipo.

Nimesema. Walikuwa watatu, chumba cha nyuma cha ofisi ya uwanja, feni haifanyi kazi. Nilisoma saa na dakika. Nilipofika "pako wazi" mmoja wao aliacha kuandika, akaniangalia, akaniambia rudia. Nikarudia. Msimamizi alikuwa nje ya mlango. Nilipotoka hakunisalimu, akamwambia karani, "Mwandikie barua yake huyu." Kazi sina tangu siku hiyo. Leseni imesimamishwa hadi Novemba. Chumba natakiwa kukitoa mwisho wa mwezi.

Mlinzi wamemwacha kazini kwake. Alinipigia redioni nikiwa nafungasha vitu vyangu ofisini. "Rubani," akasema, "mimi siku zote nilidhani mnajua nimesimama wapi."

Karatasi yako ilikuwa mfukoni mwa shati. Wachunguzi walinionyesha, nikawaambia imetoka kwako, kisha wakamrudishia mjane wa Taratibu pamoja na saa na funguo. Yeye amekwenda kukaa kwa dada yake, mji ule wa saa mbili kwa basi kutoka kwenu. Kabla hajaondoka alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia. Mimi nilimwambia langu, lote, nikiwa nimeshika komeo. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Kisha akaitoa karatasi. "Na huu mwandiko ni wa nani?"

Nilimwambia ni wa mtu ninayemheshimu. Akasema hakuuliza hilo.

Sikukutaja, Baba. Nimeona si mimi wa kukutaja kwake.

Mkweo


24 Mei

Mwanangu,

Salaam. Wote wazima huku. Mtoto ameanza kucheka, ingawa mama yako mkwe anadai ni gesi tu.

Ijumaa nilipanda basi nikaenda. Nilivaa koti. Nyumba ya dada yake ni ya pili kutoka kwenye mashine ya kusaga, ukuta haujapigwa lipu. Alikuwa anaanua nguo. Nikamwambia, "Mama, ule mwandiko ni wangu." Akazikunja zilizobaki, akaniletea kiti, yeye akakaa kwenye ngazi.

Akaniuliza kama nimewahi kuendesha ndege. Nikamwambia hapana. Kama nimewahi kupanda. Hapana.

"Mume wangu miaka kumi na minne alikuwa anageukia kona ya tatu," akasema. "Wanamcheka, anakuja anakula, analala. Nilikuwa sijui hata kwamba kuna kona ya tano. Mwezi wa tatu akaja na karatasi hii, amefurahi. Akaniambia, 'Mama watoto, kumbe pale mbele kuna nafasi, mtu amepima.' Sasa baba, nani alikutuma umwonyeshe nafasi?"

Nikamwambia hakuna aliyenituma.

Nilikuwa nimekwenda na karatasi nyingine, mkwe. Nilikuwa nimeziandika zote, sekunde kumi na saba, upepo, zile mita arobaini na tano, ili aelewe namba zangu za kwanza hazikuwa za uongo, zilikuwa zimepungukiwa. Niliikalia hiyo karatasi mfukoni saa nzima na robo. Sikuitoa. Angeisoma ili iweje?

Alinipa maji nikanywa. Aliponisindikiza alisema goti langu linahitaji daktari, nisilidharau. Hakusema nirudi, wala hakusema nisirudi.

Njiani nilijaribu kukutungia kanuni mpya ya lile korongo, kwa ajili ya Novemba. Sikuipata. Kila niliyoitunga ilikuwa inakuonyesha mahali pa kufika kwanza ndipo ugeuke. Kwa hiyo sina. Kukiwa na wingu, usiingie. Wakikuita matembezi, wakikuita mwoga, wakikuita kwa jina la mkeo, kaa chini uwaitikie.

Toa hicho chumba, acha ndoo zao. Mkeo amesema uje. Mwanao leo ana siku hamsini na mbili na hajakuona. Basi linaondoka huko saa moja asubuhi. Likichelewa kwa mvua, lisiharakishwe, tutakusubiri.

Baba yako